Moto wa Pili

Land Rover haifi kwa injini. Injini ikigoma huteremshwa, ikapandishwa nyingine, na gari likarudi kwenye safari zake za Muze, Kasanga na Namanyere. Land Rover hufa kwa chesesi, tena hufa kutokea ndani, kwenye uvungu wa chuma ambako brashi ya rangi haifiki wala jicho haliingii. Kwa hiyo fundi jirani yetu hapa Kizwite, Sumbawanga, alipoitwa kuitazama Land Rover 109 aliyoinunua baba mdogo, hakuomba hata boneti lifunguliwe. Alitandika gunia, akalala chali chini ya gari na nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma, sikio kalielekeza kwenye chuma. Penye uzima nyundo hutoa mlio mkali unaorudi mkononi. Penye kutu mlio hufifia palepale, na wakati mwingine magamba hudondoka ndani ya chesesi kwa sauti ya mchele unaomwagwa. Kila mlio ulipobadilika aliweka alama ya chaki. Alipotoka, shati limejaa vumbi, alisema, "Mzee, mbele kulia kuna pembe ya kukata na kuunga. Nyuma, boriti yote imekwisha. Katikati ni salama."

"Basi tunaanza," baba mdogo akajibu.

Hii yetu ni Series III, uzao wa kiwanda cha Solihull, Uingereza, uliotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Ilitumika kwenye taasisi moja mpaka ikachoka, ikauzwa mnadani, ikapita mikono miwili mitatu, kisha ikaegeshwa chini ya mikaratusi miaka mingi, magurudumu yamezama ardhini. Watoto wamecheza ndani yake na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Baba mdogo aliendesha magari ya namna hii ujana wake wote, enzi ambazo kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, hapakuwa na lami, na masika yakikolea safari ya siku moja iligeuka ya siku tatu. Katika mkoa wa Rukwa wa miaka hiyo Land Rover ndizo zilizobeba chanjo, mitihani ya darasa la saba, mbegu za mahindi, mapadri, wajawazito walioshikwa na uchungu usiku, na majeneza. Aliyekulia huku aliutambua mlio wake kabla gari lenyewe halijatokeza kilimani. Nayasema haya ili ieleweke kwamba tunachokifufua uani hakikuwa pambo la tajiri. Kilikuwa chombo cha umma, na kwa watu wengi kilikuwa ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Mwisho wa kawaida wa gari la namna hii unajulikana. Mnunuzi wa vyuma chakavu huja na mizani. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilitolewa kwa mgawo huko Uingereza ilhali alumini ilikuwapo. Gari la kwanza la mwaka 1948 likavikwa alumini na desturi ikabaki. Alumini hiyo huyeyushwa ikawa masufuria. Chesesi hupelekwa viwandani ikawa nondo. Springi huchukuliwa na wahunzi, ambao hukata jani mojamoja, wakalitia kwenye mkaa na kulifua liwe panga, shoka au jembe. Sioni aibu katika mwisho huo. Jembe lililotokana na springi ya lori hulima vizuri kuliko mengi yanayouzwa dukani. Kinachoniuma ni kingine: kila gari linalopanda mizani linaondoka na kazi ambayo ingefanyika juu yake, na kijana ambaye angejifunza kwa kuifanya anabaki bila somo.

Baba mdogo hakutaka kulirudisha gari jinsi lilivyotoka kiwandani. Wapo wanaotaka hivyo, nami siwabezi. Ulaya kuna wakusanyaji wanaotafuta mpaka aina ileile ya skrubu, na kampuni yenyewe, mwaka huohuo wa 2016 ambao Defender ya mwisho ilitoka Solihull tarehe 29 Januari, ilianza kuuza Series I kongwe ilizozifufua sawasawa na zilivyokuwa. Uani kwetu swali lilikuwa tofauti: gari hili lifanye kazi gani sasa? Baba mdogo alitaka bodi ileile, milango ileile inayofungwa kwa kishindo, dirisha lilelile la kusukuma pembeni. Lakini alitaka injini ambayo vipuri vyake viko Sumbawanga mjini, na breki za kumteremsha Muze akiwa na tani moja ya mpunga bila kusali njia nzima.

Kwa uamuzi huo alijiunga, bila kujua, na vijana wa California wa miaka ya 1930. Wao walichukua bodi za Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na lililokuwa limeshakuwa la bei ya chini kabisa, wakang'oa mabawa na kila kilichoongeza uzito bila faida, wakapachika injini yenye nguvu zaidi. Ford ilipotoa injini yake ya V8 mwaka 1932, hiyo ndiyo ikawa kipenzi chao. Walishindania kasi kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka, Muroc na baadaye El Mirage, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaunda chama, SCTA, ili mbio ziwe na saa na kanuni. Baada ya vita askari waliorudi na ujuzi wa mitambo wakaikuza kazi hiyo, na mwezi Januari 1948 likaanza kuchapishwa jarida la Hot Rod. Magari yao, hotrodi, leo yamo kwenye makumbusho, yamewekewa kamba ili watu wasiyaguse.

Ninachokipenda katika historia hiyo si mbio. Ni heshima. Vijana wasio na fedha za gari jipya walikata, wakaunganisha, wakajaribu, wakaunguza, wakajaribu tena, na nchi yao ikafikia kuwaita wabunifu. Kijana wa Kizwite anayefanya kazi hiyohiyo husemwa anaungaunga tu, kwa kuwa hana uwezo. Na Ufipa, nchi yetu hii, ndiyo isiyostahili kabisa kusema hivyo, kwa sababu chuma cha nchi hii kilipita motoni mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi habari za malungu. Ilungu ni tanuri la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma, refu kama mita tatu, pana chini na jembamba juu. Lilijengwa jirani na kichuguu, kwa udongo wa kichuguu hichohicho, na mgongo wake ukawa ngazi ya kupandia ili mkaa na mawe vimiminwe kwa juu. Chini lilizungukwa na matundu yenye mabomba ya udongo. Halikuhitaji mvukuto. Hewa ya moto ilipanda, hewa baridi ikavutwa kuingia kupitia matundu, na urefu wa tanuri ndio uliolifanya livute kwa nguvu. Moto uliwaka siku kadhaa. Ujenzi wake uliandamana na dawa, nyimbo na miiko. Tanuri lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Mabaki ya malungu bado yamesimama mashambani, mengine yamemezwa na vichaka, na wanafunzi nikiwapeleka huyakimbilia na kutaka kusimama ndani yake.

Lakini kilichotoka kwenye ilungu hakikuwa jembe, wala hakikuwa hata chuma cha kumpelekea mhunzi. Kilikuwa bonge ghafi, chuma kimechanganyika na mkaa na mavi ya chuma, kigumu hapa, laini pale. Kilivunjwavunjwa, kikachaguliwa, kisha kikaingizwa kwenye tanuri la pili, kintengwe. Hilo lilikuwa dogo, halifiki kiuno cha mtu mzima, na lilipulizwa kwa mvukuto. Humo ndimo chuma kilimosafishwa kikawa kitu cha kufulika. Matanuri ya namna mbili, moja la kuyeyusha na jingine la kusafisha, ndiyo sifa inayowafanya wanaakiolojia waitaje Ufipa kila wanapoandika juu ya chuma cha Afrika. Majembe yaliyotokana nayo yalilima, yakauzwa, yakaozesha mabinti.

Anayesimulia malungu huishia kwenye tanuri kubwa kwa sababu ndilo linaloonekana. Vintengwe vimebomoka, na hadithi zake zimebomoka navyo. Nami naamini kwamba kintengwe ndipo palipokuwa na akili nyingi zaidi. Kuyeyusha kulitoa chuma. Kwenye moto wa pili mtu alilazimika kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe, kipande kwa kipande, kwa macho na kwa uzito wa mkononi. Kazi ya uani kwa baba mdogo ni ya aina hiyo. Solihull walifanya moto wa kwanza. Wa pili unawaka Kizwite, na anayeuendesha ni mtengenezaji kamili, tena kazi yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa hapokei chuma kipya chenye vipimo vya kitabuni. Anapokea chuma kilichokwisha kuishi.

Tutazame injini. Ya zamani ilikuwa ya petroli, sentimita za ujazo 2,286, na pistoni zilikuwa zimekamata kwenye silinda kiasi kwamba hata baada ya kunyweshwa mafuta ya breki wiki nzima kranki haikutikisika. Ingewezekana kuboa silinda na kutafuta pistoni za ukubwa wa juu, lakini fundi alitazama mbali: nani atakuuzia ringi zake mwaka kesho? Ikachaguliwa 3L ya Toyota, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779, ya mtumba kutoka Japani, ile iliyosukuma Hilux na Hiace nyingi mno mpaka mafundi wa mji huu wanaifungua gizani. Nguvu zake ni kama farasi 90. Injini ya dizeli ambayo Solihull waliiwekea 109 ilikuwa na 62.

Hapo ndipo mtu asiyejua huona kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Ukiongeza nguvu juu, unatafuta palipo dhaifu chini. Ekseli za Land Rover kongwe zinajulikana kwa kukatika, na dereva wa zamani aliyezoea porini alibeba ya akiba. Bahati nzuri 109 nyingi za Series III zilikuja na difu nene ya nyuma, ya Salisbury, na hii yetu inayo. Gia boksi ikabaki ileile ya asili. Kati ya injini ya Japani na gia boksi ya Uingereza palihitajika sahani ya chuma yenye matundu ya pande mbili: huku yafuate boliti za Toyota, kule yafuate za Rover. Kutoboa matundu ni kazi ya mchana mmoja. Kazi ni kuhakikisha kwamba kitovu cha kranki na kitovu cha shafti ya gia boksi viko kwenye mstari mmoja hasa, maana vikipishana hata kwa unene wa karatasi, gia boksi itaanza kulia, beringi itachemka, na miezi michache baadaye utakuwa unanunua nyingine.

Fundi hana saa ya kupimia ya kiwandani. Alichukua spoku ya baiskeli, akainoa ncha kwa tupa mpaka ikawa kali, akaikunja na kuifunga kwenye flaiwili kwa boliti, ncha ikiwa karibu kabisa na ukingo wa tundu la katikati la sahani. Kisha akamwambia kijana wake azungushe injini kwa mkono, polepole, kwa spana ya mbele. Spoku ikazunguka tundu lote kama mshale. Yeye alikuwa amepiga magoti, tochi nyuma ya sahani, anatazama uzi wa mwanga kati ya ncha na ukingo. Juu uzi ulikuwa mwembamba. Chini ulinenepa kidogo. "Rudisha. Tena." Alilegeza boliti mbili, akagonga sahani kwa mpini wa nyundo, akakaza. Kijana akazungusha. Walifanya hivyo mpaka jua likaingia nyuma ya paa, na uzi wa mwanga ukawa sawa juu, chini, kushoto na kulia. Ndipo akatoboa tundu la pini za kuifungia sahani isihame tena. Nimekaa darasani miaka mingi nikiwaeleza watoto maana ya usahihi, na sijapata kuionyesha namna hiyo.

Likaja suala la difu. Za asili zina uwiano wa 4.7, yaani propela shafti huzunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja. Ukijumlisha na gia ya kugawia nguvu mbele na nyuma, kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaifanya injini izunguke karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukitaka 100, inapita 3,500, na 3L haipendi kukaa huko. Kijana alishauri zitafutwe difu nyepesi ili gari likimbie kwenye lami ya Laela. Baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwanangu, ukipandisha kutoka Muze na mzigo, lami ya Laela itakusaidia nini?" Kutoka Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, hadi juu ya uwanda ni karibu mita elfu moja za kupanda, na kona zake hazimsubiri mtu. Difu zikabaki. Gari hili halitakuwa la kasi. Naona huo ni uamuzi bora kuliko wote uliofanyika pale uani, kwa sababu ulimlazimu mtu kusema wazi gari ni la nini, na kuikataa sifa ambayo kila apitaye barabarani angeiona.

Hewa nayo ina neno lake. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita. Pampu ya dizeli iliyorekebishwa pwani haijui hilo. Inamwaga mafuta yaleyale kwenye hewa pungufu, na moshi mweusi unatoka nyuma. Siku injini ilipowashwa mara ya kwanza jirani alifunga madirisha. Fundi akakipunguza kiskrubu cha mafuta robo mzunguko, akasubiri, akapunguza tena, akiutazama moshi ukitoka weusi kwenda ukijivu hadi usionekane dhidi ya anga. Mababu waliojua ilungu linahitaji urefu gani ili livute hewa ya uwanda huu walikuwa na tatizo lilelile mbele yao, nao walilitatua kwa udongo.

Bodi ilikuwa kazi ya mtu mwingine, fundi bodi kutoka Majengo, mzee mtulivu ambaye vijana humwamkia shikamoo hata anapopita ng'ambo ya barabara. Bawa la mbele kushoto lilikuwa limekunjwa na ajali ya zamani. Alumini iliyokunjwa huwa ngumu pale ilipokunjika, na ukiinyoosha ikiwa baridi hupasuka. Lazima ilainishwe kwa moto kwanza. Shida ni kwamba alumini haitoi onyo. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kikaiva, kikawa cheupe, na mhunzi husoma rangi hizo. Alumini hubaki na rangi yake ileile mpaka ifikapo nyuzi 660, hapo inaporomoka chini yote kwa mara moja, na bawa umelipoteza. Mzee alitoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche. Akakisugua juu ya mkunjo, akaacha mchirizi wa rangi ya maziwa. Kisha akapitisha mwali wa gesi kwa mbali, kwa kuzungusha, bila kusimama mahali pamoja. Sabuni ikageuka ya kahawia, kisha nyeusi, na papo hapo akaondoa mwali. "Sabuni ikiungua, bati limekubali," alisema. Akaliacha lipoe, akashika kigogo cha mti kwa ndani na nyundo ya mpira kwa nje, na mkunjo ukatii. Penye ufa hakuchomelea, maana alumini inataka gesi ya agoni na mashine ambayo hapa haipo. Alikata kiraka, akakiweka kwa ndani, akakipiga ribiti. Kiraka kinaonekana. Baba mdogo amekataa kifichwe kwa puti.

Na chesesi? Pembe ya mbele kulia ndiyo iliyonipa mimi mawazo mengi. Kwenye gari hili namba ya chesesi imegongwa hapohapo, kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, na hapohapo kutu ilikuwa imekula. Kadi ya gari ina namba mbili, ya injini na ya chesesi. Ya injini inaweza kubadilishwa. Unapeleka nyaraka mamlaka ya mapato, TRA, gari linakaguliwa, taarifa zinarekebishwa. Namba ya chesesi ndiyo gari lenyewe mbele ya sheria. Ukiikata, umebaki na rundo la vipuri. Fundi alikata kuizunguka kwa grenda, akakiacha kipande kidogo cha chuma cha asili chenye tarakimu, akajenga pembe mpya kandokando yake kwa bamba la milimita tatu, akachomelea kwa vituo vifupivifupi ili joto lisiikunje. Umeme wa mji wetu kwa miaka mingi ulitoka Zambia, na siku zile ulikuwa unapungua nguvu jioni, hivyo kuchomelea kulifanyika asubuhi na mapema, baridi ya Julai ikiwa bado imekaa kwenye mabati. Niliwaangalia fundi na kijana wake, nikafikiri kwamba watu wawili waliamua, kwa jasho lao, kipande kisichozidi kiganja ndicho kisichoguswa, na kwamba kila kingine kimeruhusiwa kubadilika kwa ajili yake. Sijui familia wala taifa lililofanya uamuzi wake wa namna hiyo kwa uwazi kiasi hicho.

Oktoba 2024 mamia kwa mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha, na picha zake zilisambaa nchi nzima. Nilifurahi. Lakini picha zilionyesha magari yaliyokwisha kung'aa. Ningependa siku moja waonekane pia wenye spoku na sabuni, wasimame mbele ya gari na kueleza, ikiwezekana kwa chaki na ubao.

Kwa maana hapo, kwenye kueleza, ndipo malungu yalipotuponyoka. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika habari za wahunzi wa huku mwaka 1914. Greig akaandika mwaka 1937, Wise mwaka 1958, wote wawili katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Profesa Bertram Mapunda alipotafiti chuma cha kusini-magharibi mwa Tanzania kwa tasnifu yake ya mwaka 1995, na kisha kuchapisha kitabu kuhusu uhunzi wa Wafipa mwaka 2010, matanuri yalikuwa yamekwisha kupoa miongo mingi. Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalikuwa yameyamaliza. Nawashukuru wote walioandika, maana bila wao nisingekuwa na cha kufundisha. Hata hivyo walikuwa watazamaji. Mkono uliojua lini kipande kiondolewe kwenye kintengwe haukushika kalamu, na hilo ndilo tunalolikosa hasa: si umbo la tanuri bali maamuzi ya aliyelihudumia.

Gereji ya fundi wetu ina ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma uliojaa chaki. Kuna umbali wa boliti za 3L, unene wa sahani, urefu wa propela shafti ya mbele baada ya kukatwa, kiskrubu cha pampu kimerudishwa kiasi gani. Mvua ya upepo ikiingia, hufutika. Nilimwomba ruhusa ya kunakili. Mwanzoni alidhani natania, kisha akakaa juu ya tairi na kuanza kunisomea, na kila kipimo akakipa sababu: hii ilikuwa hivi, ikatetemeka, nikaipunguza. Nimeziandika sababu zote, hata za vitu vilivyoshindikana, kwenye daftari kubwa la kaunta. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, sasa ina chuo mkoani Rukwa, tena ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Nimemshawishi fundi aende. Ameniambia atakwenda na daftari.

Kumebaki ukurasa mmoja mtupu, wa breki ya mkono. Kwenye Land Rover za namna hii breki ya mkono haishiki magurudumu; inashika shafti, nyuma ya gia ya kugawia nguvu. Fundi anataka ibaki hivyo, kwa kuwa sehemu zote ni nzima na hazijawahi kufunguliwa. Baba mdogo anataka ihamishiwe kwenye magurudumu ya nyuma, kwa sababu anakumbuka jinsi gari lililopakia lilivyokuwa likiyumba mbele na nyuma likiegeshwa mlimani, na aliwahi kuona jiwe likiponyoka chini ya tairi. Wamebishana kwa heshima, kila mmoja na chai yake. Jumamosi watapakia matofali, wataliegesha kwenye mteremko wa njia ya Muze, gia ikiwa huru, na kijana atasimama kando na mawe mawili mkononi.